Mawe hai yamechafuka: mswaki, giza, jiki au asidi?

Mwenye tangi la maji chumvi akikuuliza ayasafishe mawe yake kwa kitu gani, mwulize kwanza yamechafuka kwa sababu gani. Kuna jiwe lililofunikwa na mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Kuna lililoota mwani wa nywele. Kuna lililonyonya fosfati mwaka baada ya mwaka mpaka limeshiba na sasa linaitapika. Ukiyatazama, mawe yote matatu yanaonekana machafu tu, lakini njia inayolifaa moja italiua jingine, na nimeona watu wakimwaga jiki kwenye jiwe ambalo lilihitaji kupulizwa vumbi.

Jiwe hai ni mifupa ya matumbawe ya zamani, kalisi kaboneti yenye vitundu visivyohesabika. Juu, oksijeni inakofika, wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati. Ndani, hewa isikofika, wako wengine wanaoivunja nitrati ikawa gesi ya naitrojeni ikatoka zake. Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika mwaka 1961 jinsi alivyofuga samaki wa baharini kwa mawe hai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, bila chujio jingine. Baadaye Wajerumani wakaongeza skima, ule mtambo unaokusanya uchafu kwa povu, na mpaka leo matangi mengi ya matumbawe yanaendeshwa kwa mtindo huo wa Berlin. Mawe ndiyo chujio. Kwa hiyo kila njia hapa chini naipima kwa swali moja kabla ya mengine: nikishamaliza kusafisha, chujio langu bado liko hai?

Kupuliza au kusugua

Kwa mashapo ya kawaida, sirinji kubwa isiyo na sindano, ile ya mililita 60 inayopatikana duka la dawa, inaushinda mswaki. Pampu ndogo ya kushika mkononi ni bora zaidi kama tangi ni kubwa. Unavuta maji ya tangi lenyewe, unayasukuma kwenye mashimo na migongo ya mawe, uchafu unaruka, kitambaa cha chujio kinaunasa. Kisha ndipo unabadilisha maji. Anayebadilisha maji kwanza halafu akapuliza amejichafulia maji mapya kwa mkono wake.

Kazi hii ifanywe kila wiki. Tangi ambalo halijapulizwa kwa miezi mingi lisishughulikiwe lote siku moja, maana mashapo ya muda mrefu yakiamka kwa pamoja yanapandisha amonia na kuwabana samaki pumzi. Anza na upande mmoja, upande wa pili usubiri wiki ijayo.

Mswaki una mahali pake, napo ni kwenye mwani uliojishika. Ila usisugue jiwe likiwa ndani ya tangi, kwa kuwa vipande vya mwani vitasafiri na kuota kwingine. Litoe, liweke kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini wakati wa kubadilisha, ng'oa kwa vidole kinachong'oka, kisha piga mswaki mpya. Maji ya bomba yasiliguse. Klorini inaua bakteria, na ukosefu wa chumvi unawapasua wadudu wadogo wanaoishi vitunduni, ambao nao wakifa wanaoza humo humo.

Tofauti kubwa kati ya hizi mbili ni kwamba kupuliza kunazuia tatizo, kusugua kunaliondoa kwa macho tu. Mwani uliosuguliwa utarudi kama bado unalisha samaki kupita kiasi na maji hayatembei. Pampu zako ziwe zinazungusha maji mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa, yaani tangi la lita 200 lipate lita 2,000 hadi 4,000. Mawe yaliyorundikwa kama ukuta nyuma ya kioo hayasafishiki hata ukiwa na pampu gani. Yapange yawe na mapango na nafasi ya maji kupita nyuma yake.

Wafanyakazi wenye magamba na miiba

Konokono wa aina ya Turbo anakula kuliko wote, lakini ni mzito, anaangusha vipande vya matumbawe ambavyo havijagundishwa. Trochus anakula kidogo kuliko yeye ila akipinduka anajigeuza mwenyewe. Astraea akipinduka mara nyingi anafia hapo hapo, kwa hiyo mimi kati ya hawa watatu namchukua Trochus bila kufikiri mara mbili. Vikaa vinavyoishi ndani ya makombe ya konokono huokota mabaki vizuri, lakini vikikosa kombe la kuhamia huua konokono ili kulipata. Kaa wa kijani, Mithraculus sculptus, ndiye wa kuwekwa kama una ule mwani wa mapovu.

Wale wanyama wa miiba wanaochoma miguu ya wavuvi hukwangua jiwe likabaki jeupe. Wanakwangua pia mwani wa chokaa wa rangi ya waridi ambao ulitaka ubaki.

Samaki wapo pia. Kangaja na tasi ni walaji mwani wa kweli, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuwapasua matumbo. Ila kangaja anataka tangi refu, lita 400 kwenda juu kwa spishi nyingi, na miiba ya tasi ina sumu, kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu. Hakuna hata mmoja katika kundi hili anayependa mwani uliokwisha kuwa mrefu. Ng'oa kwanza, kisha waachie wao kuutunza uwe mfupi.

Na aiptasia, ile anemoni ndogo ya kahawia inayochoma kila jirani? Mswaki ni adui yako hapo, kwa sababu kila kipande kinachobaki kinaweza kuwa anemoni mpya. Kamba wa Lysmata wurdemanni, au konokono asiye na kombe aitwaye Berghia ambaye hali kitu kingine, ndio chaguo langu.

Peroksaidi ya duka la dawa

Hii ni ya katikati: kali kuliko mswaki, pole kuliko jiki. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, unaipaka kwa sirinji au brashi kwenye mwani tu, jiwe likiwa nje ya maji. Subiri dakika chache, suuza kwenye ndoo ya maji ya tangi, rudisha. Mwani hupauka na kufa ndani ya siku kadhaa. Soma chupa, kwa sababu ile ya asilimia 6 nayo inauzwa na inatakiwa ipunguzwe nusu kwa nusu. Kamba na minyoo hawaipendi, kwa hiyo usiimwage tangini kwa kukisia. Bakteria wa ndani ya jiwe hawaguswi sana, ndiyo maana naipa alama nzuri kwa jiwe moja au mawili yenye ugonjwa wa mahali pamoja. Kwa tangi zima ni kupoteza muda.

Moto: hapana, kwa namna yoyote

Kuchemsha jiwe, kulimwagia maji yanayotokota, kuliweka kwenye oveni au maikrowevu, na kulipiga kwa mashine ya maji ya shinikizo. Hizi hazimo kwenye ulinganisho wangu.

Juu ya mawe mengi kuna zoanthidi, vile vinyama vya rangi vinavyofanana na maua na kuota kama zulia, na baadhi ya jamii ya Palythoa hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe. Ikiwa ndani ya mnyama aliyetulia haikufuati. Ukimchemsha au kumsugua kwa nguvu kwenye hewa, sumu hupanda na mvuke au matone madogo ukaivuta. Marekani mwaka 2007 mfugaji mmoja alimwagia jiwe maji ya moto ili aue zoanthidi, akaishia kukohoa vibaya na kuumwa kifua. Anchorage, Alaska, mwaka 2014, watu wa nyumba moja waliugua baada ya kuhamishia zoanthidi kwenye tangi lao. Machi 2018 katika kijiji cha Steventon, Uingereza, usafishaji wa matumbawe ya tangi la nyumbani uliwapeleka hospitali wakazi wa nyumba na wazima moto waliokuja kuwaokoa. Sumu hii haina dawa yake maalumu. Daktari anatibu dalili tu: homa, kifua kubana, misuli kuuma, ladha chungu au ya chuma mdomoni.

Kwa hiyo hata kwa njia za upole, vaa glavu na miwani ya kukinga macho, fungua madirisha, na sugua jiwe likiwa chini ya maji ya ndoo, si hewani. Mikono yenye mchubuko isiingie kabisa. Zoanthidi wanaota pia kwenye miamba yetu ya pwani, kwenye madimbwi yanayobaki maji yakitoka, kwa hiyo hili si jambo la mbali.

Giza au jiki

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo: mawe yote yamechoka, mwani haushindiki, kila ukipuliza unatoka tope, na kipimo cha fosfati hakishuki hata ukibadilisha maji kila siku. Kuna njia mbili za kuyatoa mawe nje na kuyaanza upya.

Ya kwanza ni giza. Mawe unayaweka kwenye pipa lenye maji chumvi ya uzito linganifu ule ule wa tangi, 1.025 hivi, joto la nyuzi 25 hadi 27, pampu ikizungusha kwa nguvu, na mfuniko juu. Hakuna mwanga kabisa. Kila wiki moja au mbili unalitoa kila jiwe, unalitikisa kwenye ndoo ya maji chumvi safi, unamwaga tope, unabadilisha maji yote ya pipa. Mwani hufa kwa kukosa mwanga. Bakteria hawahitaji mwanga, hivyo wanaendelea kula uchafu uliojificha vitunduni na kuusukuma nje. Wiki za mwanzo tope hutoka kwa wingi wa kushangaza, na unajua umefika pale ndoo inapobaki safi na fosfati ya pipa imeacha kupanda. Wiki 6 hadi 8 ni kawaida, na mawe ya tangi kongwe huchukua zaidi.

Ya pili ni jiki. Chupa nyingi za madukani zina klorini ya asilimia 3.5 hivi, na kwa nguvu hiyo sehemu moja ya jiki kwa tano za maji baridi inatosha. Iwe ile ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni. Mawe yalale humo siku moja au mbili, nje ya nyumba. Halafu unayasuuza, unayalaza kwenye maji yenye sodiamu thiosalfeti ya kuua klorini, unayaanika juani mpaka yakauke kabisa na pua isisikie chochote.

Ukiangalia muda, jiki inaonekana imeshinda, lakini hesabu hiyo inadanganya. Jiwe lililotoka kwenye jiki limekufa. Litahitaji kupandwa bakteria tena kama jiwe kavu la dukani, na hilo nalo ni wiki nne hadi sita kabla hujathubutu kuweka samaki. Jiwe lililotoka gizani linaingia tangini likiwa linafanya kazi siku hiyo hiyo. Ukijumlisha yote, tofauti ya muda ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Ukiangalia gharama, inategemea unakaa wapi. Pipa la lita 60 linahitaji kilo 2.1 za chumvi ya akwaria kwa kila ujazo, kwa gramu 35 kwa lita. Mijazo mitano ni kilo 10 na ushee. Kwa mtu wa Nairobi, Kampala au Arusha anayenunua chumvi iliyoagizwa nje, hiyo inauma, na chumvi ya jikoni haiwezi kuziba pengo kwa sababu haina kalisi wala magnesi. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, bahari ni bure. Achote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na aache kuchota siku za masika maji ya hori yanapokuwa ya tope na yamepungua chumvi. Mimi mwambao ningekwenda na giza bila kusita. Bara ningepiga hesabu mara mbili.

Kuna vitu viwili ambavyo giza halishindi. Cha kwanza ni aiptasia, maana inakula vipande vinavyoelea na inaweza kuvumilia giza muda mrefu. Cha pili ni jiwe ambalo tayari limekufa, kwa mfano lililokaa nje ya maji miezi mingi au lililotoka kwenye tangi lililokatikiwa umeme likaoza lote. Hapo hakuna uhai wa kuokoa, na jiki ndiyo njia ya haraka ya kumaliza harufu na mabaki. Nje ya hali hizo mbili, sioni sababu ya kuua ili kusafisha.

Watu hulisahau hili: jiki inaunguza uchafu wa viumbe, lakini fosfati iliyoshikamana na kalisi ya jiwe haiondoi. Unaweza kuwa na jiwe jeupe pepe linaloendelea kutapika fosfati na kulisha mwani mpya. Kwa hilo giza linasaidia taratibu, na anayetaka haraka hutia lanthanamu kloraidi, kemikali inayoinasa fosfati na kuigeuza unga, kidogo kidogo kwenye pipa, kamwe si kwenye tangi lenye samaki bila chujio laini la kunasa unga unaojitokeza.

Asidi ni ya jiwe lililokwisha kufa

Asidi hidrokloriki inakula tabaka la nje la jiwe pamoja na fosfati iliyomo. Ndiyo faida yake pekee, na ni ya kweli. Sehemu moja kwa kumi za maji, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji na si maji kwenye asidi, nje kwenye upepo, glavu ndefu, miwani. Itatoa mapovu, na yakitulia imekwisha nguvu. Kisha suuza, laza kwenye maji yenye magadi ya kuokea, suuza tena.

Isikutane na jiki. Hata ndoo iliyobaki na jiki kidogo inatosha kutoa gesi ya klorini. Ukiamua kutumia zote mbili, jiki itangulie, jiwe likauke kabisa, ndipo asidi.

Na maji ya betri yasikushawishi kwa kuwa yapo kila kona ya gereji. Hiyo ni asidi salfuriki, na ikigusa kalisi ya jiwe inajenga gamba la jasi linaloziba vitundu. Siki inafanya kazi, ila polepole mno, na utahitaji nyingi.

Kabla ya kuamua kwamba jiwe la zamani halifai na ununue jingine, kumbuka kwamba mawe hai huhesabiwa pamoja na matumbawe mawe kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Kwenye hifadhi za bahari kama Mafia, Watamu na Kisite-Mpunguti kuondoa jiwe la mwamba ni kosa. Jiwe kuukuu ulilonalo lina thamani kuliko unavyodhani. Ukihitaji la kuongezea, jiwe kavu la dukani linatosha, vipande vyako vya zamani vitalipandikiza bakteria.

Kurudisha mawe tangini

Kama samaki wako ndani, usitoe mawe yote kwa mara moja kwa njia yoyote ile. Robo au theluthi, subiri, pima amonia, halafu fungu jingine. Amonia ikionekana, simama hapo na ubadilishe maji.

Ukimaliza, kishawishi ni kuyafanya maji yawe masafi mpaka nitrati na fosfati zisomeke sifuri. Usifanye hivyo. Kwenye maji yasiyo na chakula kabisa, juu ya mawe yaliyosuguliwa wazi, mara nyingi wa kwanza kuhamia ni dinoflajelati, ute wa kahawia wenye mapovu unaotoweka usiku na kurudi mchana, na jamii ya Ostreopsis miongoni mwao ina sumu za ukoo wa palitoksini. Mwani wa nywele ni mchezo ukilinganisha na hao. Acha nitrati iwe miligramu 5 hadi 10 kwa lita, fosfati kati ya 0.03 na 0.1.

Mwani wa chokaa utachukua miezi kuirudisha ile rangi ya waridi. Unataka kalisi ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi karibu 1,300, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) ya 8 hadi 11 kwa kipimo cha dKH, na vipimo hivyo visiyumbe. Ukitaka kuuharakisha, kwangua unga kidogo kutoka kwenye kioo au jiwe ambalo bado unao, zima skima kwa saa moja, na uunyunyize mbele ya pampu.